Kusafisha dampo lenye sumu pamoja na wenye mtaa: mwongozo kamili kwa kamati za Dar es Salaam

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tangazo la usafi likipita, watu hutoka na majembe, reki na fagio za chelewa. Kwa mfereji ulioziba chupa na magunia, hiyo inatosha. Kwa dampo la zamani lililomeza betri, makopo ya rangi, sindano na tope la viwandani, jembe lile lile linaweza kurusha vumbi la madini ya risasi hadi kwenye bakuli la uji la mtoto wa jirani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya dampo la namna hiyo ya pili.

Nimekuwa kwenye kamati za mazingira za mitaa kwa miaka mingi, na mtaa mmoja wa Temeke sitausahau. Greda lilifika kabla ya maabara. Mkandarasi aliyepewa kazi alilima jalala siku nne, akasawazisha, akapiga picha, akaondoka. Masika yalipoingia, maji meusi yalishuka kwenye visima vya chini ambavyo miaka yote vilikuwa na nafuu. Hakuna aliyekuwa amewauliza wakazi mvua hupita wapi, na mtoto yeyote wa pale angemwonyesha kwa kidole.

Neno "kushirikisha wananchi" limechakaa kwa sababu ya mikutano ya kusaini karatasi ya mahudhurio, kunywa soda na kusomewa kilichokwisha kuamuliwa. Nikisema kushirikisha nina maana ya mambo matatu: wakazi waulizwe wanachokijua kabla ya kipimo cha kwanza, wawe na kura kwenye uamuzi wa namna ya kusafisha, na wabaki na daftari la ufuatiliaji mkandarasi akishaondoka. Kuzoa sumu kwa mikono mitupu hakumo.

Kabla ya kuanza, ijueni historia

Madampo ya jiji hili yana historia, na kila kamati inapaswa kuijua kwa sababu hukumu zake bado zina nguvu ya kutumika. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliifikisha halmashauri ya jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa mlangoni mwao. Mahakama ikaamuru utupaji ukome. Jiji likaomba muda zaidi, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akisimamia Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako mkazi mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani, wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi.

Usomeni vizuri mlolongo huo. Kila mtaa uliposhinda, malori yaligeuza usukani kuelekea kwa wengine, na kilichokuwa kimeshamwagwa kilibaki chini ya ardhi ya walioshinda. Kwa hiyo kuna maswali mawili tangu siku ya kwanza: tutafanya nini na kilichozikwa hapa, na tukikiondoa kinakwenda mlangoni kwa nani?

Hatua ya 1: Pitia ofisi ya mtaa, halafu panua meza

Andikeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji wa mtaa, diwani na afisa mazingira wa manispaa. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ibaki kwenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshusha kazi hii hadi ngazi ya mtaa, na inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hamwombi fadhila. Kama kamati ya mazingira ya mtaa ipo kwenye makaratasi tu, ombeni mkutano wa wakazi uihuishe.

Hapo ndipo pa kuwa makini na nani anakaa mezani. Dar ni mji wa wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi Mbezi huku mpangaji wake ndiye anayekunywa maji ya kisima, lakini mkutanoni anaitwa mwenye nyumba. Wapangaji wawemo, na wawe wengi. Wawemo waokota taka, mama lishe wanaopika karibu na dampo, wenye visima na wauza maji wa mikokoteni, wanaolima mchicha bondeni, wanunuzi wa vyuma chakavu, mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, na viongozi wa msikiti na makanisa, maana vipaza sauti vyao vinafika ambako gari la matangazo halifiki. Kundi la WhatsApp la mtaa litumike, ila wekeni ujumbe wa sauti. Wazee wengi husikiliza kuliko wanavyosoma.

Saa ya mkutano nayo huchagua watu. Mkiita saa nne asubuhi mtapata wastaafu na wajumbe. Mama lishe na waokota taka hupatikana kuanzia saa kumi na moja jioni.

Kuhusu posho, semeni mapema na kwa uwazi. Ushauri wangu ni kwamba kama kuna nauli, wote wapewe kiasi kimoja, kuanzia mwenyekiti hadi muokota taka. Bahasha mbili za unene tofauti zinaweza kuivunja kamati kabla sumu haijaguswa.

Na nendeni nyumbani kwa mwenye kisima kabla ya mkutano wowote. Yeye ndiye atakayepoteza riziki maji yakionekana mabaya. Akisikia habari hadharani kwa mara ya kwanza atawapinga, na atakuwa na haki ya kukasirika. Kaeni naye, mumweleze, na mkubaliane ombi la kuunganishiwa maji ya DAWASA litasukumwa vipi kama kisima chake kitafungwa.

Hatua ya 2: Kusanyeni wanachokijua watu

Msiipitie hatua hii mbio mbio. Mtaalamu akija na mashine yake anaweza kuchimba sehemu kumi kwenye dampo la ekari kadhaa. Aliyeokota chupa pale miaka kumi na tano anajua ni sehemu ipi kati ya hizo kumi isiyo na maana.

Tandazeni turubai kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, au tumieni sakafu yenyewe na chaki. Chora barabara, mfereji, msikiti, shule, na mti ambao kila mtu anautaja akielekeza mgeni. Kisha wape watu vitu vya kuweka: punje za mahindi kwa visima, mkaa kwa mahali moto ulipowaka muda mrefu, vifuniko vya soda kwa mahali malori yalipomwaga, majani kwa bustani za mboga. Nimeona wazee waliokaa kimya mikutano mitatu wakichuchumaa na kubishana kwa sababu kifuniko kimewekwa upande usio sahihi wa mbuyu uliokatwa zamani. Mmoja alisema, "Betri zilikuwa zinapasuliwa hapa chini ya mbuyu, asidi inamwagwa, risasi inabebwa. Hapo mnapoweka ilikuwa chupa tu." Mbuyu haupo tena. Pale ulipokuwa watoto sasa wanacheza mpira. Sampuli ya kwanza ya udongo ilichukuliwa pale pale.

Ulizeni maswali ya maisha. Ukiuliza "Je, maji yamechafuka?" utajibiwa ndiyo au hapana, na jibu halitakusaidia. Uliza: maji ya kisima chako unayafanyia nini, na nini huyafanyii? Mama mmoja alinijibu hivi: "Mwanangu, haya tunafulia tu, tena nguo za rangi, maana nyeupe yanazigeuza. Ya kunywa tunanunua. Lakini mtoto hajui ya kufulia wala ya kunywa." Sentensi tatu, na ndani yake mna rangi ya maji, matumizi yake, na njia ambayo sumu inampata mtoto.

Ulizeni pia malori yalikuja mchana au usiku, tope lilikuwa na rangi gani, mahali gani panatoa mvuke asubuhi ya baridi, wapi pananuka mayai viza, mifugo ya nani ilikufa na ilikuwa imekunywa wapi. Wanawake waulizwe peke yao kikao kimoja, na waokota taka kikao chao. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawatazungumza wakidhani mnawatafutia polisi. Waambieni wazi kwamba mnatafuta mahali, hamtafuti mtu.

Mkimaliza, ihamishieni ramani kwenye karatasi kabla ya fagio kupita. Vijana wenye simu wanaweza kuweka alama hizo kwenye ramani ya kidijitali; Dar ina utamaduni huo tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa yao pamoja na mifereji yake kwa ajili ya mafuriko.

Hatua ya 3: Walindeni watu wakati mnasubiri

Vipimo huchukua muda, barua huchukua muda zaidi, na watoto hawasubiri. Kuna mambo ya kuanza wiki hii.

La kwanza na kubwa: kuchemsha maji hakuondoi madini ya risasi wala naitreti. Kunaua vijidudu, basi. Maji yanapopungua sufuriani, kilichobaki kinakuwa kikali zaidi. Dawa ya kutibu maji nayo haigusi metali. Kisima chenye shaka kisitumike kunywa, kupikia, wala kukorogea uji na maziwa ya mtoto, hata kama maji yake ni maangavu kama ya chupa.

Kabla ya kufagia uwanja nyunyizeni maji, kama bibi zetu walivyotufundisha, na ndani pigeni deki badala ya kufagia vumbi. Watoto wanawe mikono kabla ya kila mlo. Viatu vya dampo viishie mlangoni. Anayeokota taka aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Msichome taka juu ya dampo. Moto ukiwa umezama chini, maji ya ndoo hayaufikii. Huzimwa kwa kuufukia udongo ili ukose hewa. Na mtu asitumbukie kwenye kisima, karo au shimo lililo karibu na dampo, hata kumfuata mwenzake aliyeanguka. Taka zinazooza bila hewa hutoa methani, ambayo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche moja. Gesi yenye harufu ya mayai viza ni ya hila zaidi, kwa sababu ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imeisha.

Mchicha, matembele na mboga nyingine za majani hunyonya metali kutoka udongoni na kwenye maji ya kumwagilia. Najua kuna familia zinasomesha watoto kwa mafungu ya mchicha wa bondeni. Ndiyo maana wakulima wawe mezani tangu hatua ya kwanza, ili eneo mbadala litafutwe pamoja nao kabla ya katazo.

Hatua ya 4: Vipimo, na chupa inapita mikononi mwa nani

Ombi la vipimo lipitie kwa afisa mazingira wa manispaa, nakala kwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Sampuli zinaweza kupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa maji ya ardhini, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ihusishwe. Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi wa mazingira wanaotafuta maeneo ya utafiti. Barua moja nzuri kwa mkuu wa idara inaweza kuwafungulia mlango ambao hamna fedha za kuufungua.

Kwenye maji ombeni vipimo vya risasi, kadimi, kromiamu, aseniki, zebaki, amonia, naitreti na chumvi. Kwenye udongo, chukueni wa juu kabisa, sentimita chache za kwanza, mahali watoto wanapocheza, maana huo ndio unaoingia mdomoni. Sampuli za kina kirefu ni za mhandisi.

Hapa Dar kuna mtego ambao umewapoteza wengi. Visima vyetu vina chumvi kwa sababu ya bahari, na vina naitreti kwa sababu ya vyoo vya shimo, hata pasipo na dampo. Mkipima visima vya chini ya dampo peke yake, mtu atasimama na kusema, kwa haki, kwamba hayo ni ya vyoo. Pimeni na visima vya upande wa juu, ambako maji hayajapita chini ya taka. Tofauti kati ya juu na chini ndiyo inayozungumza. Pimeni mara mbili: mwisho wa kiangazi kabla ya vuli, na tena masika yakiisha, kwa sababu maji ya ardhini yakipanda hugusa taka ambazo kiangazi yalikuwa hayazifikii.

Siku ya kuchukua sampuli mjumbe wa kamati awepo kila kituo. Chupa iandikwe namba, tarehe, saa na mahali. Ifungwe mbele ya wote. Mkazi na afisa wasaini fomu moja, na kamati ibaki na picha yake. Miezi sita baadaye mtu anaweza kudai maji yalitoka kisima kingine, na mtakuwa na jibu.

Kama historia inaonyesha betri, ombeni watoto wapimwe damu kupitia afisa afya wa kata na hospitali ya wilaya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walianza na damu za watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Hatua ya 5: Majibu yasomwe kwa Kiswahili, mbele ya waliotoa maji

Majibu ya maabara ni mali ya mtaa. Yakikwama kwenye ofisi yoyote ya umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa njia ya kuyaomba kwa maandishi.

Mpeni kila mwenye kisima jibu lake nyumbani kwake, siku moja kabla ya mkutano. Kisha yasomwe hadharani yote, mazuri na mabaya. Tuseme karatasi imeandikwa Pb 0.04 mg/L. Msomaji aseme: hii ni risasi, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 0.01, maji haya yana mara nne ya hapo, haturuhusu yanywewe wala yapikiwe, kufulia mnaweza. Kila namba imalizike na jambo la kufanya kesho asubuhi. Na kama jibu ni zuri, lisemwe kwa furaha ile ile, maana mtaa unaosikia mabaya tu huacha kuja.

Mtafuteni pia mtaalamu wa upande wenu, asiyelipwa na mkandarasi wala na aliyechafua. Marekani iliona haja hii mapema: tangu 1986 sheria yao ya kusafisha maeneo yenye sumu huwapa wakazi ruzuku ya awali ya hadi dola 50,000 waajiri mshauri wao wenyewe. Sisi hatuna mfuko huo, ila tuna wahadhiri, wahandisi wastaafu, na kwa upande wa sheria tuna LEAT, wanasheria watetezi wa mazingira walioanza kazi hapa Dar mwaka 1994.

Hatua ya 6: Uamuzi, na kura ya wakazi

Njia kubwa ni tatu. Kufukua taka zote na kuzihamisha. Kufunika pale pale kwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, wenye mteremko wa kumwaga maji ya mvua. Au kutoa sehemu chache zenye sumu kali, kama pale palipokuwa na mbuyu, na kufunika zilizobaki. Kwa madampo mengi ya ndani ya jiji mimi hupendelea ya tatu. Kufukua kila kitu hutoa vumbi, gesi na maji ambayo yalikuwa yametulia, na tena linarudi lile swali la Kunduchi Mtongani.

Mhandisi aeleze mbele ya wakazi mambo manne: maji ya mvua yatapita wapi, majimaji meusi ya dampo yatakusanywa wapi, gesi itatokea wapi, na mteremko utasimama vipi. Hilo la mwisho lisipuuzwe. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na Koshe, Addis Ababa, liliua zaidi ya 100 mwezi Machi 2017. Kama kuna nyumba chini ya ukuta wa taka, familia zile ndizo za kwanza kuhamishwa, kabla ya mashine yoyote kuwasha injini. Mthamini aje, fidia ijadiliwe kwa maandishi, na mpangaji naye apate gharama za kuhama.

Kuhusu gesi, kuna njia ya gharama ndogo iliyobuniwa Fukuoka, Japani, miaka ya 1970: mabomba yenye matundu hulazwa chini na kusimamishwa wima, majimaji yakatoka na hewa ikaingia, na methani ikapungua. Pale Mtoni kulijengwa mfumo wa kuvuta gesi ya dampo baada ya kufungwa. Muulizeni mhandisi kwa nini amechagua hii na kuiacha ile.

Mambo ya kupigiwa kura na wakazi ni yale wanayoyaishi: barabara ya malori, saa za kazi, siku za mitihani ya shule, na ardhi itatumikaje baadaye. Juu ya dampo lililofunikwa msikubali nyumba, kisima wala bustani ya mboga. Nyasi zinafaa, vetiva hushika mteremko vizuri. Miti yenye mizizi mirefu hutoboa kifuniko. Uwanja wa mpira unawezekana kama kifuniko ni kinene na mabomba ya gesi yamezungushiwa uzio.

Swali gumu liulizwe wakati huu: ardhi ikishasafishwa ni ya nani? Eneo lililokuwa linanuka likipata nyasi, kodi hupanda na wapangaji waliovumilia moshi miaka ishirini huondoshwa na wenye fedha. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, lisainiwe na mwenyekiti na mtendaji, na lifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe

Kazi nzito ifanyike kati ya Juni na Septemba. Anayewaahidi kumaliza kwa haraka kati ya Machi na Mei mwambieni asubiri.

Ajira za mtaani zianze na waokota taka, kwa mkataba wa maandishi, baada ya mafunzo. Mkandarasi aonyeshe usajili wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wafanyakazi wapate chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B, buti ngumu, glovu nene na barakoa zenye kichujio. Kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii vumbi la risasi. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 hawaingii. Kuwe na mahali pa kuoga na kubadili nguo pale pale, na nguo za kazi zisitoke getini. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 risasi ya machimbo ya dhahabu iliua mamia ya watoto, wanavijiji wenyewe walifunzwa na kuajiriwa kuondoa udongo, na madaktari walisubiri nyumba zisafishwe ndipo waanze dawa, kwa sababu mtoto anayerudi kwenye uwanja ule ule hurudia sumu ile ile.

Udongo umwagiwe maji kabla ya kuchotwa na mashine ya kijiko, tipa zifunikwe turubai, magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia barabarani, na maji ya kuoshea yasielekezwe mferejini. Kila tipa inayotoka na taka zenye sumu iwe na karatasi ya inakokwenda, na mjumbe mmoja wa kamati apande humo siku yoyote bila taarifa. Kamati iwe na namba moja ya simu ya msimamizi, na makubaliano ya maandishi kwamba wakiona vumbi linavuka uzio, pipa lisilojulikana limefukuliwa, au mtu ameanguka, kazi inasimama pale pale.

Kwa wanaopoteza riziki ya kuokota, waandikisheni vikundi mapema. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kununua toroli, mizani na kibanda cha kutenganisha plastiki kutoka majumbani. Ila kikundi kinahitaji katiba na akaunti ya benki, na hayo huchukua miezi.

Hatua ya 8: Daftari na ufunguo

Mkandarasi akiondoka, dampo linabaki linapumua chini ya nyasi kwa miaka mingi. Kamati ipite juu yake kila mwezi, na siku inayofuata kila mvua kubwa. Tazameni nyufa, mashimo yaliyotuama maji, nyasi zilizokauka kwa duara katikati ya kijani (mara nyingi gesi inatokea hapo), maji meusi miguuni mwa mteremko, na bomba lililoibwa na watu wa chuma chakavu. Kila jambo liandikwe tarehe na nani aliyeliona, na picha itumwe siku hiyo hiyo kwa afisa mazingira.

Visima vya ufuatiliaji, vya juu na vya chini, vipimwe kila mwaka masika yakiisha, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kando ya yale ya kwanza ili kila mtu alinganishe. Vifuniko vyake vifungwe kwa kufuli. Ufunguo mmoja ukae kwenye ofisi ya mtendaji, kwa sababu watendaji huhamishwa na ofisi hubaki. Wa pili ukae kwa mkazi anayeishi karibu na kisima cha chini kabisa, jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, na akihama aukabidhi mkutanoni mbele ya watu.